Mfuko wa Kurudi Nyumbani kwa Miguu



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja mwuza maharagwe alinisimamisha kwenye ngazi za kanisa, akaniambia: «Mwalimu, tangu nilipokuwa msichana watu wananifundisha namna ya kukimbia. Sijapata bado mtu wa kunifundisha namna ya kurudi.» Nikacheka kidogo, nikidhani anafanya mzaha. Lakini yeye hakucheka. Nikaenda nyumbani na neno lake, na leo nataka kulijibu katika ukurasa huu wetu wa jamaa, kadiri ya nguvu zangu.

Maana mama yule alisema kweli. Sisi wa Goma na vijiji vya jirani tumesoma sana katika shule ya kukimbia. Tarehe 10 Januari 1977 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na lava ikateremka upesi kuliko miguu ya watu. Tarehe 17 Januari 2002 ikafika mpaka katikati ya mji, ikaliunguza kanisa kuu la Mtakatifu Yozefu, ikapita, ikaingia katika ziwa Kivu. Watu kwa malaki wakatoka mjini, wengi wao wakavuka mpaka kwenda Gisenyi. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, saa za jioni, mlima ukapasuka tena. Safari hiyo lava ilisimama huko Buhene, mlangoni pa mji. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka mchana na usiku, na tarehe 27 asubuhi watu wa mitaa 10 kati ya mitaa 18 ya Goma waliamriwa kuhama. Sisemi habari za vita, vilivyoingia mjini Januari 2025, wala za wale waliokaa kambini miaka, ambao mwezi uliofuata walilazimika kufunga mizigo yao na kushika njia ya Masisi na Rutshuru.

Sasa tazameni jambo moja. Katika hao waliokimbia mlima, walio wengi walirudi, tena walirudi upesi. Mwaka 2002 watu waliokwenda Gisenyi hawakukaa hata juma moja. Siku ya pili na ya tatu walikwisha kuanza kurudi, kwa sababu huko hakukuwa na chakula wala mahali pa kulala pa kutosha watu wote hao, nao walipita juu ya lava iliyokuwa ingali na joto chini ya nyayo zao. Mwaka 2021 ruhusa ya kurudi ilitolewa tarehe 7 Juni, lakini wengi walikuwa njiani kabla yake. Nao walirudi namna gani? Wachache kwa gari. Wachache kwa pikipiki, wale walioweza kulipa bei ya siku zile. Wengine wote kwa miguu, wakiwa wamechoka, fedha imekwisha, chakula kimekwisha, na viatu vimekwisha.

Ndiyo maana nasema kwamba mfuko wa hatari haufungwi kwa ajili ya kukimbia. Siku ya kukimbia hofu yenyewe hukuchukua, na mtu hutembea pasipo kujua kwamba ana miguu. Ni siku ya kurudi ndipo mwili hudai kila kitu ambacho hukukiweka mfukoni.

Lakini sisi hufunga nini? Asubuhi ile ya tarehe 27 Mei niliona godoro juu ya chukudu, na mbuzi juu ya godoro. Niliona baba mmoja amebeba televisheni kichwani kwa mikono miwili, na mtoto wake wa miaka minne au mitano anamfuata nyuma akiwa ameshika ncha ya shati lake. Simcheki baba yule. Televisheni ni akiba ya miaka, na nyumba iliyoachwa wazi haina mlinzi. Lakini nilitazama zile mikono mbili zilizo juu, na ule mkono mdogo ulio chini, na mpaka leo sijaisahau picha ile.

Wala msidhani mwalimu wenu alikuwa na akili zaidi. Mimi nilivaa viatu vyangu vyeusi vya ngozi, vile ninavyovaa siku ya Misa na siku ya mkaguzi, kwa kuwa nilisema moyoni: nikiviacha vitaibiwa. Katika mfuko nilitia madaftari 43 ya wanafunzi, yasiyosahihishwa bado, na kamusi. Mke wangu alimbeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Toka Goma mpaka Sake ni kilometa 25 hivi. Mtu mzima asiye na mzigo hupita kilometa nne au tano kwa saa. Mwenye mtoto na mzigo, katika njia iliyojaa watu na magari, hafikishi tatu. Fanyeni hesabu wenyewe: ni saa nane au tisa za njia. Kabla ya nusu ya njia visigino vyangu vilikuwa vimechubuka. Siku ya kurudi sikuweza kabisa kuvivaa viatu vile. Mama mzee mmoja, aliyeketi kando ya njia, aliniona ninavyochechemea, akachana ukingo wa kitenge chake akanipa, akasema: «Funga miguu, mwanangu; viatu hivyo vitie katika mfuko pamoja na vitabu vyako.» Nikaingia Goma nimefungwa vitambaa miguuni kama mtoto aliyetahiriwa vibaya, na madaftari 43 mgongoni. Hakuna daftari hata moja lililotusaidia njiani.

Kwa hiyo naanza na miguu. Mawe ya nchi yetu ni lava iliyopoa, nayo hukata kama chupa iliyovunjika. Kandambili hazifai, kamba yake hukatika kilometa ya tano, na mtu hubaki na mguu mmoja wa mji na mmoja wa pori. Tafuta viatu vilivyofungwa, vya kitambaa au vya ngozi, ambavyo umekwisha kuvizoea. Kiatu kipya ni adui. Karibu na viatu weka soksi mbili na kitambaa safi cha kufungia malengelenge. Ukisikia mahali panaanza kuunguza, simama papo hapo ufunge, usingoje mpaka pachubuke. Wenye haraka ndio niliowakuta mbele wameketi.

Halafu uzito. Zamani wapagazi walichukuzwa mizigo ya kilo 25 mpaka 30, nao walikuwa vijana waliochaguliwa kwa nguvu zao, tena wengi waliumia na wengine walikufa. Wewe si mpagazi. Mimi husema kwamba mfuko wa mtu mzima usipite kilo tano, maji yakiwa ndani. Mtaniuliza: kwa nini kidogo hivyo? Kwa sababu utakuwa na mzigo mwingine usiouwekea hesabu. Mtoto wa miaka mitatu ana kilo 13 au 14. Anatembea vizuri kilometa ya kwanza, anaimba. Kilometa ya tatu anaketi chini, wala hakuna fundisho wala kiboko kitakachomwinua. Mgongo wako lazima uwe na nafasi yake. Na mikono ibaki mitupu: mfuko uwe na kamba mbili za mabegani, hata kama ni gunia lililoshonwa na mama nyumbani, lakini usiwe sanduku, wala kapu la mkononi, wala mzigo wa kichwani, kwa maana wa kichwani huifunga mikono yote miwili.

Katika kilo hizo tano, maji huchukua kilo moja na nusu. Litre moja ni kilo moja, hakuna njia ya kuidanganya mizani. Mtu atembeaye kutwa juani anahitaji litre mbili au tatu au zaidi, kwa hiyo maji ya mfuko hayatoshi, yatakufikisha tu mahali pa kupata mengine. Na hapo ndipo hatari ilipo. Wazee wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofika Goma kwa malaki katika siku chache. Mawe hayachimbiki, vyoo hakuna, watu wakanywa maji ya ziwa jinsi yalivyo. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Hawakuuawa na njia. Waliuawa na kikombe. Mwaka 2021 vilevile lava ilipokata mabomba ya maji upande wa Buhene, watu wengi wa mji walirudia kuchota ziwani.

Basi wekeni mfukoni vidonge vya klorini vya kusafishia maji, vinavyouzwa katika maduka ya dawa. Someni karatasi yake, maana vidonge havilingani nguvu: kimoja ni cha litre moja, kingine ni cha litre 20. Ukikitia, ngoja nusu saa. Mwenye kiu huona nusu saa ni mwaka, lakini angoje. Kama huna vidonge, na huna moto wa kuchemshia, jaza chupa ya plastiki nyeupe ipenyezayo mwanga, yenye maji yasiyo na tope, uilaze juani kutwa, muda wa saa sita kamili. Kama mbingu ina mawingu mengi, siku mbili. Kuchuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne hupunguza wadudu wa kipindupindu, lakini hakuwamalizi. Afadhali hivyo kuliko kunywa tu.

Wekeni pia sukari na chumvi, mbalimbali, katika vikaratasi vya nailoni. Mtoto akianza kuhara njiani, vijiko sita vidogo vya sukari, visivyojaa kupita kiasi, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, katika litre moja ya maji safi, apewe kidogo kidogo bila kuacha, wakati mnatafuta mganga. Kipimo hiki kiandikwe katika karatasi, maana chumvi ikizidi humdhuru mtoto, na katika hofu hata mwalimu wa hesabu husahau nusu ni nini.

Chakula nitakisema kwa kifupi. Kile kinachohitaji sufuria kiacheni, isipokuwa mko wengi. Karanga za kukaanga, biskuti, chikwange ikiwa katika majani yake. Viazi vilivyopikwa leo, kesho kutwa vimekwisha kuchacha. Mtu hafi kwa njaa ya siku mbili, bali mtoto hulia, na kilio chake humlegeza mama.

Usiku wa Sake ni wa baridi, na mvua haiulizi ruhusa. Kitenge kimoja kikubwa ni blanketi, ni mbeleko, ni pazia la mama anayejisitiri, ni kamba pia, kama nilivyojifunza. Wanawake wasione haya kuweka vitambaa vyao vya kila mwezi. Akina baba wafungao mfuko husahau. Juu ya hayo karatasi pana ya nailoni ya kujifunika. Tochi ndogo, kibiriti kilichofungwa kisilowe. Mzee anywaye vidonge vya damu kupanda, au vya sukari, awe na vya juma moja, na jina la dawa limeandikwa. Rozari haina uzito.

Na fedha. Noti ndogo za franka, nyingi, wala zisikae zote mahali pamoja. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo pembeni mnajua inavyokataliwa hapa kwetu. Basi siku ya hofu itakataliwa mara mbili. Kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho cha wengi wetu, ichukueni yenyewe, hasa kama njia yenu ni ya kuvuka mpaka. Diploma, karti ya ubatizo na ya ndoa, hati ya kiwanja, fanyeni nakala mapema, na nakala hizo ziwekwe katika nailoni. Wako watu waliounguliwa na nyumba mwaka 2002, wakaja kusumbuka miaka kwa kukosa karatasi moja ya shule.

Nambari za simu za ndugu ziandikwe katika karatasi. Kijana mmoja wa kidato cha juu alinicheka niliposema hivyo, akaniambia zote zimo katika simu yake. Nikamwuliza: taja ya mama yako. Akafungua simu.

Sasa nitasema kuhusu kulala njiani, na hapa naomba msome polepole, hata wale wanaojua. Mtu aliyechoka hutafuta shimo, maana shimoni hakuna upepo. Katika nchi yetu shimo laweza kuwa kaburi. Kati ya Goma na Sake, hasa upande wa ziwa, kule Bulengo na Ziwa la Kijani na Mubambiro, ziko pale mahali tunapopaita mazuku. Wazee walisema ni pepo mbaya. Wataalamu wa volkano walipima wakaona kwamba ni hewa ya kaboni itokayo chini ya ardhi. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Haina rangi wala harufu. Hujikusanya mabondeni kama maji, hasa usiku na alfajiri, upepo unapotulia. Anayelala ndani yake haamki. Mtu mzima aliyesimama aweza kupita salama, na mtoto atembeaye kando yake akaanguka, kwa sababu kichwa cha mtoto kiko chini. Mbuzi hufa, mbwa hufa, ndege huonekana wameanguka chini. Mkiona hivyo ondokeni upesi kwenda mahali pa juu. Na msimfuate mtu aliyeanguka shimoni bila kufikiri. Wengi wamekufa wawili kwa kutaka kumwokoa mmoja. Wako wanaosema: washa kibiriti, kikizimika hapo pana mazuku. Msiamini. Moto waweza kuwaka bado mahali ambapo hewa imekwisha kuwa ya hatari kwa mtu. Laleni mahali palipoinuka na penye upepo, mkitetemeka. Kitenge kitasaidia baridi. Mazuku hayana kitenge.

Nilipowafundisha wanafunzi wangu habari za mfuko, mmoja aliyesoma sana Injili aliinua mkono, akasema: «Mwalimu, mbona Bwana wetu aliwatuma mitume akawakataza kuchukua mfuko wa njiani?» Nikafurahi, maana swali zuri ni nadra saa nane ya mchana. Nikamjibu kwamba hao walitumwa kwenda katika nyumba za watu watakaowapokea, na kwamba Mtakatifu Luka huyo huyo anaeleza jinsi Yezu, jioni ya karamu ya mwisho, alivyowakumbusha neno lile, kisha akawaambia kwamba sasa mwenye mfuko auchukue. Mwanafunzi hakuridhika sana. Akasema mitume hawakuwa na watoto mgongoni. Nikamwambia Petro alikuwa na mama mkwe, tukaendelea na somo.

Lakini Mtakatifu Luka ana habari nyingine, iliyo karibu zaidi na shauri letu, nayo ni ya jamaa iliyokuwa ikirudi nyumbani kwa miguu. Yezu alikuwa na miaka 12. Walikwenda Yeruzalemu kwa Pasaka, na sikukuu ilipokwisha, Maria na Yozefu wakashika njia ya Nazareti pamoja na watu wengi. Walitembea siku nzima pasipo kujua kwamba mtoto hayuko. Tunajua walidhani nini: kwamba yumo katika msafara, pamoja na jamaa na wenzao. Hawakuwa wazazi wazembe, hapajapata kuwa wazazi kama wale. Ila njia ilikuwa na watu wengi, na kila mmoja alimwachia mwenzake. Walimwona siku ya tatu, baada ya kurudi nyuma njia yote.

Mei 2021 watoto kwa mamia waliachana na wazazi wao katika usiku wa mlima na katika kuhama kulikofuata. Mmoja wao nilimkuta mimi mwenyewe siku ile ya kurudi, upande huu wa Mubambiro. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, amenyamaza kabisa. Nilimkadiria miaka sita. Nikamwuliza: «Mtoto wangu, unaitwa nani?» Akataja jina moja, ambalo katika Goma lina wenyewe elfu. «Na baba yako anaitwa nani?» Akajibu: «Papa.» «Na mama yako?» «Mama.» «Mnakaa wapi?» «Nyumbani.» Mke wangu akageuka upande akafuta macho.

Tukatembea naye. Hakulia, alishika mkono wangu tu, na ndipo nilipoyatupa madaftari yale katika chukudu ya mtu mmoja wa hisani, ili nipate mkono wa pili kwa binti yangu. Tulimpeleka kwa watu wa Msalaba Mwekundu waliokuwa wakiandika watoto wa namna hiyo. Walimwuliza maswali yale yale, wakapata majibu yale yale. Siku iliyofuata alikuja mama mdogo wake, naye, kabla ya kuona uso wake, alilitambua shati lake kwa kiraka begani, alichokishona yeye mwenyewe kwa uzi mwekundu. Kiraka kilisema zaidi kuliko kinywa cha mtoto.

Basi, akina mama, shoneni. Ndani ya nguo, si nje, kwa sababu si kila mtu anayeliita jina la mtoto wako njiani ni mtu mwema: jina la mtoto lote, jina la baba, jina la mama, mtaa, parokia na nambari ya simu, juu ya kitambaa kidogo kwa wino usiotoka. Na mtoto afundishwe kuyasema. Tunawafundisha watoto wa miaka mitano Salamu Maria, nao wanaishika yote. Mtoto anayeweza kushika Salamu Maria anaweza kushika jina la baba yake.

Kisha kaeni chini, bwana na bibi, mkubaliane mahali pa kukutania. Pa kwanza pawe karibu na nyumba, kwa mfano mbele ya kanisa. Pa pili pawe nje ya mji, kwa ndugu au kwenye parokia mnayoijua, kama njia ya nyumbani imefungwa na lava. Kubalianeni pia nani amchukue nani. Kusema «tutamchukua» hakutoshi. Ni «mimi nitamchukua huyu, wewe utamchukua yule».

Jambo la shule linanisumbua zaidi, kwa kuwa nimeliona. Hatari ikitokea mchana, baba hukimbilia shuleni, na mtoto hukimbilia nyumbani, nao hupishana njiani katika umati. Maoni yangu ni haya: mtoto abaki na mwalimu wake mpaka aje mtu aliyeandikwa jina katika kitabu cha darasa, na kama lazima shule ihame, mwalimu aandike ubaoni kwa herufi kubwa mahali alikokwenda na watoto. Wako wazazi wasiokubaliana nami, wanasema mwalimu naye ana watoto wake. Ni kweli, nami sina jibu jepesi kwa hilo. Kwa hiyo jambo hili lizungumzwe mwanzo wa mwaka wa masomo, katika mkutano wa wazazi, kabla ya habari za karo kuwakasirisha watu.

Na yule mama wa maharagwe? Yeye hushinda sokoni Birere kutwa nzima, na nyumba yake iko mbali. Mfuko uliotundikwa nyuma ya mlango wa nyumba hautamfaa saa sita ya mchana. Nimemshauri kuwa na kifurushi cha pili, kidogo, chini ya meza yake ya kuuzia: viatu vya kutembelea, chupa ya maji, karanga, tochi, noti chache, na karatasi ya majina. Hakipiti kilo mbili na nusu. Akiona barabara imefungwa na pikipiki zimepandisha bei, anavua kandambili, anavaa viatu, anakwenda kwake. Ndivyo wafanye pia wanaofanya kazi mbali na makwao, wapika matofali, wafanyakazi wa bandari, wanafunzi wanaovuka mji.

Mfuko uliosahaulika ni hatari nyingine. Karanga huoza, betri hutoa maji na kuharibu tochi, mtoto huongezeka mguu na viatu vya mwaka jana havimwingii tena. Mwaka uliofuata ule wa mlima, nilifungua wa kwangu nikakuta panya wamezaa ndani ya kitenge. Tangu hapo, nyumbani kwetu, Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, baada ya Misa ya Moyo Mtakatifu, tunaumwaga mfuko wote juu ya mkeka. Tunapima viatu, tunawasha tochi, binti yangu anasema majina ya wazazi wake na mtaa wake kwa sauti. Maji ya zamani tunamwagia mboga, tunajaza mapya. Karanga za mwezi uliopita wanapewa watoto kuzila, na wao huingojea siku hiyo kuliko sikukuu, hata yule mdogo huanza kuuliza tangu Jumatano.